Kodi ya pango imefungwa, gharama za jengo ziko huru. Tunakarabati kwa hela gani?

Wakuu leo nimechoka na haya maneno ya kila mwenye nyumba ni mnyonyaji. Nina jengo moja la ghorofa, MOJA, na kila mwaka bima inapanda, kodi ya jengo ya serikali inapanda, fundi bomba anapanda, pampu ikifa hakuna sheria inayomzuia muuza pampu kutaja bei anayotaka, ila kodi ya pango ndo wanaikalia kikao kuniamulia asilimia na kuna mwaka wanasema sifuri. Paa likivuja mpangaji ananipigia mimi saa nane usiku, na ana haki kabisa, maji yanamdondokea kitandani.

Mnaosema hii sheria ya kudhibiti kodi ya pango haina madhara hebu angalieni New York. Mwaka 2019 walipitisha kwamba ukikarabati nyumba yenye kodi iliyodhibitiwa, gharama inayotambulika ni dola 15,000 tu kwa miaka 15, na kwenye jengo lisilozidi nyumba 35 unaruhusiwa kuongeza kwenye kodi ya mwezi sehemu moja ya 168 ya hiyo hela, yaani kama dola 89. Sasa mpangaji kakaa miaka 40 kahama, nyaya za umeme za kizamani, mabomba yameoza, bafu jiko sakafu vyote vya kung'oa, hiyo 15,000 inafika wapi jamani?? Kuna wenye majengo walipiga hesabu wakafunga mlango, nyumba ikabaki tupu kwenye jiji ambalo watu wanahangaika kutafuta pa kuishi! 2024 ndo wakapandisha hadi 30,000, na 50,000 kwa masharti. Miaka mitano hiyo.

Berlin nao waligandisha kodi 2020, matangazo ya nyumba za kupanga yakapungua, Aprili 2021 mahakama ya katiba ikaifuta sheria na wapangaji wengine wakadaiwa tofauti ya miezi yote ya nyuma. Hapo aliyelindwa ni nani?

Sijasema mpangaji asilindwe, kumpandishia mtu kodi mara mbili ghafla ni unyama na mimi sijawahi. Ila ukinifungia mapato basi nipunguzie kodi ya jengo mwaka ninaokarabati, au niruhusu nirudishe gharama halisi kwa risiti, risiti ninazo zote. Jumatatu fundi anakuja kung'oa bomba la maji taka la chini na mpaka sasa hivi hela yake sijaipata.