Pesa za kofia za kina mama zimezuiliwa na kampuni ya malipo ya mtandaoni, nianzie wapi?

BintiLangoni

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa mnaojua sheria na mliowahi kusumbuana na kampuni za namna hii.

Mimi nawauzia kina mama wa mtaani kwetu hapa Amu (mji wa Lamu) kofia za mkono. Ni kofia za kutoboa kwelikweli, tundu moja moja kwa sindano, kila tundu likazungushiwa uzi. Kofia moja nzuri humchukua mama miezi, maana anashona akishamaliza kupika na watoto wakishalala. Wanunuzi wetu wengi wako Oman, Uingereza na Marekani. Wanalipa kupitia kampuni moja ya malipo ya mtandaoni, jina lake sitalitaja, halafu mimi natoa pesa kuja benki na kuwagawia wenyewe.

Kabla ya Ramadhani oda zilikuja kwa mpigo. Nilipotaka kutoa pesa nikakuta ujumbe: akaunti imewekewa kizuizi, ukaguzi unaendelea, utajulishwa. Ndani mna zaidi ya shilingi laki moja na themanini. Wakaomba kitambulisho, nikatuma. Wakaomba bili ya umeme yenye jina langu na anwani ya nyumba. Jamani, mnaoijua Amu mnajua. Nyumba haina namba, kichochoro hakina jina la kuandika kwenye fomu, umeme wetu ni wa tokeni, unalipia kabla na bili haiji, na mita ina jina la marehemu babu. Nikatuma barua ya chifu, ikakataliwa bila kuambiwa kasoro ni ipi. Tangu hapo kila nikiandika napata jibu lile lile, neno kwa neno.

Je, sheria inawaruhusu kushika pesa za mtu bila kumpa sababu? Nishtaki wapi? Na kuna jambo linanikereketa: nina jina la Kiislamu na natoka Lamu. Inawezekana ndiyo sababu? Kuna mama alikuwa anazitegemea hizo pesa kwa karo ya mwanawe, na mimi ndiye ninayekutana naye kila asubuhi.

Nahodha_Shela

Pole sana dada. Mimi napeleka wageni baharini na yalinikuta kama hayo, wageni walikuwa wamelipa amana za safari za Krismasi. Mwishowe pesa zilitoka, ila baada ya miezi. Ushauri wangu wa haraka: piga picha kila kitu kwenye skrini leo hii, salio, orodha ya malipo na barua zao zote. Wakiifunga akaunti kabisa hutaweza kuingia tena kuzichukua.

KijanaWaKasuku

Usijisumbue. Kuna watu wanauza akaunti zilizokwisha thibitishwa, za nje. Nunua moja, waambie wateja wadai kurudishiwa pesa benki kwao, wakulipe upya kule.

Karani_Mstaafu

BintiLangoni, tafadhali usifuate ushauri huo hapo juu. Nimefanya kazi benki miaka mingi, kitengo cha kuzuia utakatishaji fedha, yaani kuzifanya pesa za uhalifu zionekane halali, kwa hiyo nazungumza ninachokijua. Akaunti yenye jina la mtu mwingine ndiyo hasa kitu ambacho ukaguzi unakitafuta. Na wateja wako wakienda benki zao kudai kurudishiwa pesa, utaonekana tapeli aliyechukua pesa bila kupeleka mzigo.

Sasa nikueleze upande wa pili unavyoonekana, si kwa kuwatetea. Mnunuzi aliyelipa kwa Visa au Mastercard ana muda wa kupinga malipo, mara nyingi hadi siku 120. Akishinda, kampuni ndiyo inayorudisha pesa, na kama wewe umeshazitoa, hasara ni yao. Oda zikiruka ghafla, kama zako kabla ya Ramadhani, programu yao inawasha taa nyekundu yenyewe. Hakuna binadamu aliyekaa akakuchukia. Kwa hiyo tuma ushahidi kwamba mzigo ulifika: risiti za posta au kampuni ya vifurushi zenye namba za ufuatiliaji, na ujumbe wa wateja wanaosema wamepokea. Hicho husaidia kuliko vitambulisho kumi.

Kuhusu jina, swali lako ni la haki na sitalipuuza. Kampuni hizi hulinganisha majina ya wateja na orodha za watu waliowekewa vikwazo na serikali, yaani wasioruhusiwa kufanyiwa biashara. Majina yetu ya Pwani yanafanana, na mashine haijui kumtofautisha mtu na mwenziwe wa jina moja. Mwaka 2015 kampuni ya malipo ya mtandaoni ya PayPal ilikubali kulipa takriban dola milioni 7.7 kwa idara ya vikwazo ya Hazina ya Marekani, kwa kupitisha malipo 486 yaliyogusa watu na nchi zilizowekewa vikwazo. Malipo yote hayo kwa jumla hayakufika dola 44,000. Ukiona adhabu kubwa kiasi hicho kwa pesa ndogo kiasi hicho, utaelewa kwa nini kampuni za biashara hii zikaona ni heri kumzuia asiye na hatia kuliko kumpitisha mwenye hatia.

MkeWaBahari

Karani, nakuheshimu, lakini hapo mwisho ndipo penye dhuluma. Heri kwa nani? Gharama ya tahadhari yao inalipwa na mama wa mtaa wa Langoni ambaye hajui hata huo ukaguzi ni wa nini. Pesa zimekaa kwao, si kwake.

Na tusijifanye mashine zinajiendesha tu. Desemba 2010 PayPal iliifungia WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, njia ya kupokea michango, wakati WikiLeaks haikuwa imehukumiwa na mahakama yoyote. Uwapende au usiwapende wale watu, kampuni binafsi iliamua nani apokee pesa na nani asipokee. Nguvu hiyo kubwa hatukumpigia mtu kura aishike.

Sisi wa Pwani tunaijua vizuri. Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi la Garissa, serikali ilifunga akaunti za mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa. Walikwenda Mahakama Kuu Mombasa, na kabla ya mwaka kwisha ikaamriwa zifunguliwe. Wale walikuwa na mawakili. Dada huyu ana simu na kifurushi cha intaneti.

Karani_Mstaafu

MkeWaBahari, sibishani nawe kwenye hilo. Kuzuia kwa muda nakubali kunaweza kuwa halali. Kunyamaza miezi, hapana.

WakiliMalindi

Nimesoma uzi wote. Mimi ni wakili huku Malindi na kesi za aina hii zinaanza kunifikia, hasa za wenye nyumba za wageni. Nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza, kunyamaza kwao. Sheria ya Kenya ya mapato ya uhalifu na utakatishaji fedha, ya mwaka 2009, inafanya kuwa kosa kumdokeza mtu kwamba taarifa ya kumshuku imepelekwa kwa Kituo cha Taarifa za Fedha. Nchi nyingi zina kifungu kama hicho. Kwa hiyo kama kweli wamekushuku, yule anayekujibu hana ruhusa ya kusema. Lakini kifungu hicho hakimzuii kukwambia kwa nini barua ya chifu imekataliwa na ni hati gani mbadala inakubalika. Wengi hujificha nyuma ya sheria hii hata kwa mambo yasiyohusiana nayo kabisa.

Pili, na hili ndilo silaha yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inakupa haki ya kuomba taarifa walizonazo kukuhusu. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na unaweza kudai binadamu aupitie upya. Sheria inamgusa hata mchakataji wa data aliye nje ya nchi, maadamu anashughulikia data za mtu aliye Kenya. Wasipojibu, unalalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi wakili, unajaza fomu mtandaoni, na sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Swali lako la jina na Lamu liulize humo humo, kwa maandishi: je, jina au mahali nilipo vimetumika kuniwekea kizuizi? Waache wajibu hilo rasmi.

Tatu, angalia kama kampuni ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha ya watoa huduma za malipo iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Usidhani ukubwa wa jina ni leseni. Julai 2022 gavana wa Benki Kuu alisema hadharani kwamba Flutterwave, kampuni kubwa Afrika nzima, haikuwa na leseni hapa. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilikuwa imezuia mabilioni ya shilingi kwenye akaunti zake kwa ombi la Mamlaka ya Kurejesha Mali, chombo cha serikali kinachofuatilia mali za uhalifu. Kesi zile mamlaka ilikuja kuziondoa mwaka 2023, kwa hiyo msiseme kampuni ilipatikana na hatia. Ninachotaka uone ni kwamba kampuni yenye leseni inabanwa na kanuni za 2014: iwe na dawati la malalamiko, na pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa zake. Isiyo na leseni hapa, Benki Kuu haina kamba ya kuivuta, na utabaki na mkataba mliokubaliana.

Mkataba huo usome. Najua ulibofya tu, sote tunabofya. Tafuta palipoandikwa sheria ya nchi gani inatumika. Mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na pesa zako zinaingia humo. Lakini kama kampuni haina ofisi wala mali Kenya, hata ukishinda utapata shida kukamata chochote. Ndiyo maana ningeanzia kwa Kamishna.

Masharti yenyewe nayo si maandiko matakatifu. Mwaka 2024 mamlaka ya Poland ya kulinda watumiaji iliipiga PayPal faini ya zaidi ya zloti milioni 100, kwa sababu vifungu vya adhabu vilikuwa na utata kiasi kwamba mteja hakuweza kujua ni kosa gani litamfanya azuiliwe. Kwetu, ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazozihitaji. Sijaona ikitumika sana kwenye malipo ya mtandaoni. Ni wakati itumike.

BintiLangoni

Shukran sana nyote, Mungu awalipe. Wakili, risiti za posta ninazo zote, na wateja wameniahidi kuandika. Suala la anwani bado linanitatiza. Nitoe nini badala ya bili ya umeme? Na barua niandike Kiswahili au Kiingereza?

Nahodha_Shela

Mimi walikubali taarifa ya benki yenye sanduku la posta, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Nenda benki yako, waombe taarifa iliyopigwa muhuri. Hakikisha majina yako yamepangwa vile vile kama kwenye kitambulisho. Mimi nilikuwa na mawili upande mmoja na matatu upande wa pili, ikawa shughuli.

Bi_Mkomani

Mwanangu, nami nina neno. Hao kina mama waite uwaeleze, uwaoneshe hizo karatasi. Wakisikia kwa watu watadhani umezila pesa zao. Na msajili kikundi, mfungue akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Pesa ikiingia ishushwe benki siku hiyo hiyo, isilale kule.

WakiliMalindi

Bi Mkomani amesema la maana, na cheti cha kikundi kitakuwa hati nyingine ya kuwapelekea.

Kwa kampuni andika Kiingereza, ili anayesoma asipate kisingizio cha kutafsiri. Kwa Kamishna tumia lugha yoyote kati ya hizo mbili. Barua iwe ukurasa mmoja: pesa ni kiasi gani, zilizuiliwa tarehe gani, umetuma hati zipi na lini, halafu maombi yako matatu, yaani kupata taarifa zako, kupitiwa upya na binadamu, na kutajiwa hati mbadala ya anwani. Wape tarehe ya mwisho ya kujibu. Namba ya kumbukumbu ya malalamiko iwe juu kabisa. Ukimaliza rasimu nitumie faraghani niipitie, sitakutoza, ila usibandike kitambulisho chako hapa jamvini.