Luanda Magere mliyetuletea Kisumu hana sauti wala kivuli. Tunataka pesa zetu

Wanajukwaa, tangu Jumamosi nimejaribu kulinyamazia jambo hili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Najua wengi wenu mlikuwa pale ukumbini Kisumu, na nimesikia watu wa Nakuru wameanza kuuziwa tiketi za mchezo huohuo, ndiyo maana nafungua uzi huu usiku huu.

Kwa ambao hawakuwepo: kundi moja kutoka Nairobi lilibandika mabango mji mzima, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, kwamba linaleta jukwaani hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa kale wa Wajaluo, mchezo wa nyimbo mwanzo hadi mwisho. Bango lilisema waimbaji ishirini, wakiimba moja kwa moja. Nililipiga picha, bado ninayo kwenye simu. Mtu mzima 1,500, mtoto 800. Nilikwenda na mama yangu na mabinti wawili wa dada yangu, jumla 4,600 kabla ya nauli kutoka Ahero, na sikuona uchungu kuzitoa. Mama ni mtu wa Kano, hapa karibu na Kisumu. Hadithi hii aliikuta kwao, akatulea nayo. Aliposikia inachezwa kwenye ukumbi, kwa nyimbo na maleba, alitoa kitenge chake kipya sandukuni siku mbili mapema.

Tiketi inasema saa nane kamili. Pazia lilifunguka saa kumi na robo. Hakuna aliyejitokeza kutuomba radhi. Nalisema hilo na kulipita, kwa sababu kuchelewa tungekusamehe.

Wimbo wa kwanza ulitupendeza, siwezi kudanganya. Sauti zimepangwa vizuri, vijana wanacheza kwa nguvu, watu wanapiga makofi. Halafu yule dada aliyeigiza mikayi, mke wa kwanza wa Luanda Magere, akainama kunyanyua mtungi akitupa mgongo. Sauti haikutetereka hata kidogo. Nikajiambia labda ana maikrofoni nzuri. Binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja, akanivuta shati: "Mjomba, huyo amefunga mdomo na bado anaimba." Nikamwambia atulie atazame. Mtoto aliona kabla yangu.

Wimbo wa tatu, stima zikapotea.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Vijana ishirini mikono juu, midomo wazi, kimya. Kama kweli walikuwa wanaimba, kupotea kwa stima kungepunguza sauti tu, si kuikata kama mtu aliyezima redio. Ukumbi mzima ulielewa wakati uleule. Kuna mzee mbele yetu alisema kwa sauti, "Kumbe ni kanda!"

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Pembeni mwa jukwaa walikuwa wamemkalisha mzee mmoja wa hapahapa kwetu na nyatiti yake, ile ala yetu ya nyuzi, juu ya kigoda kifupi, mguu wa kulia una njuga na pete ya chuma kwenye kidole gumba. Mwanzoni walimpa kama dakika mbili za kufungulia pazia, halafu wakamwacha pale kama pambo. Giza lilipoingia, na watu wameanza kuwasha tochi za simu, yule mzee akaanza kupiga. Hakuna aliyemwambia apige. Nyuzi nane, pete inagonga ubao ko, ko, ko, njuga zinaitikia. Kelele ziliisha zenyewe. Mama yangu alinishika mkono.

Na yule dada wa mikayi akaimba. Aliimba kwa koo lake mwenyewe, gizani, bila maikrofoni, akimfuata mzee. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ile ya kwenye kanda, ina mkwaruzo kidogo, na ilifika hadi viti vya nyuma tulipokuwa. Kuna akina mama walianza kuitikia kiitikio. Dakika nne hivi, labda tano. Zile ndizo dakika pekee nilizolipia na kupewa.

Kisha jenereta likanguruma, na spika zikalipuka na wimbo uleule kutoka mwanzo kabisa, kwa sauti ya kupasua masikio. Mzee akafunikwa. Yule dada alisimama sekunde moja hivi, mdomo nusu wazi, akatazama pembeni walipo mafundi, halafu akakimbia kurudi mahali alipotakiwa kuwa wimbo unapoanza, akanyanyua mikono, akaendelea kuchezesha midomo. Sijawahi kumwonea mtu uchungu jukwaani kama nilivyomwonea yeye.

Kwa hiyo wanaweza kuimba! Mmewanyima wenyewe. Hili silielekezi kwa waigizaji, nawaomba msiwatukane kwenye uzi huu. Nalielekeza kwa walioandaa, waliokaa wakaamua kwamba Kisumu wapelekewe kanda, hawatajua.

Sikatai ala kurekodiwa. Kubeba bendi nzima kilomita mia tatu na hamsini hivi kutoka Nairobi ni gharama, na makundi mengi huweka ala kwenye mashine, waigizaji wakaimba juu yake. Hiyo naielewa. Lakini sauti ya mtu anayeimba ndiyo mchezo wenyewe. Ukiitoa hiyo, nilichonunua ni ngoma ya mavazi, na kwenye bango hamkuandika hivyo.

Tena msituambie vifaa havipo huku. Watoto wa shule za nchi hii wamekuwa wakiimba na kuigiza bila maikrofoni hata moja tangu tamasha la drama la shule lianze mwaka 1959, na lile la muziki ni la tangu 1927. Mtu yeyote aliyesoma Nyanza au Magharibi amewahi kukaa kwenye bwalo lenye paa la mabati, mvua inanyesha, na kwaya ya kidato cha pili inasikika. Na mnajua mko wapi? Vidole vya wapiga gitaa la benga vilijifunza kwa nyatiti, hapahapa. Huku ndiko mlikuja kutuchezea kanda.

Sasa kivuli.

Kwa asiyejua hadithi, nitaifupisha. Luanda Magere mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Lango, yaani Wanandi, ilimgonga ikadunda. Lango wakamtolea msichana mrembo awe mke wake, awachunguzie siri. Siku moja akaugua, mke akataka kumchanja ili ampake dawa, wembe ukashindwa kupenya. Akamwambia achanje kivuli. Kivuli kikatoka damu. Usiku mwanamke akatoroka kurudi kwao, na vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli, Luanda Magere akaanguka akawa jiwe. Jiwe hilo liko Kano hadi leo, na wazee husema wawindaji walikuwa wakinoa silaha zao pale kutafuta bahati.

Dani yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akitusimulia haya jikoni, koroboi ameiweka chini mbele yake. Kivuli chake kilipanda ukutani nyuma yake hadi kikafika kwenye paa. Akifika pale pa kuchanja, alichukua kijiti cha kuni, akanyoosha mkono nyuma taratibu, akakwaruza ukuta mahali palipo na bega la kile kivuli. Sisi watoto tulipiga mayowe. Mdogo wangu alikuwa anashika bega lake mwenyewe.

Jumamosi, kwenye ukumbi wenye taa za maelfu ya pesa, hapakuwa na kivuli. Nasema hapakuwa na kivuli chochote! Waliwasha taa zote, zambarau, kijani, nyekundu, kutoka kulia, kushoto na juu, na mashine ya moshi ikifuka. Taa zikitoka kila upande zinafutana vivuli, hilo halihitaji shule. Yule msichana akatoa wembe, akapiga magoti, akaanza kuchanja mbao za jukwaa. Mwanamume nyuma yangu aliuliza, "Anakata nini?" Hakuna aliyemjibu. Baadaye mkuki ukarushwa sakafuni, jamaa akaanguka, moshi, makofi machache. Hadithi yote imesimama juu ya kivuli, na kivuli hakikuwepo.

Mngezima taa zote mkaacha moja, chini, mbele yake, na shuka jeupe nyuma. Basi. Koroboi ya dani ilitosha.

La mwisho kuhusu mchezo, na hili naomba tulizungumze kwa heshima. Lango waliletwa jukwaani kama vichekesho. Walitembea kwa kujikunyata, walizungumza Kiswahili kilichovunjwa makusudi kwa lafudhi ya majirani zetu ili watu wacheke, na kweli watu walicheka. Safu yetu kulikuwa na familia iliyotoka Nandi Hills, baba, mama na watoto watatu, tulikuwa tumeshagawana njugu nao tukisubiri pazia. Katika onyesho la pili la Lango, mama yule alikusanya watoto akatoka. Baba alibaki kidogo akitazama chini, akawafuata. Wamelipa pesa ileile niliyolipa. Dani yangu, na alikuwa Mjaluo wa Kano hasa, hakuwahi kumcheka yule msichana wa Lango. Alisema alikuwa jasiri, alilala kwa adui kwa ajili ya watu wake, na alipofika kwenye ule usiku wa kutoroka, sauti yake ilikuwa inashuka. Kwenye mchezo wenu huyo msichana hakupewa hata wimbo mmoja. Sisi tunapanda matatu moja na hawa watu Muhoroni na Sondu kila siku, na tunajua mizaha ya namna hiyo hutufikisha wapi kila uchaguzi ukikaribia. Ninyi mnapakia vyombo mnarudi Nairobi.

Tulipotoka saa moja usiku watu hawakutawanyika. Tulisimama pale nje karibu na wauza mahindi, watu tusiojuana, kila mtu anatoa lake. Kijana mmoja wa chuo alisema yeye alipenda maleba na uchezaji, na ni kweli, ile ngoma ya vita ilikuwa safi, miguu ilishuka kwa pamoja ukasikia sakafu. Dada mwingine alisema amewahi kuona mchezo wa nyimbo Nairobi na waliimba wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata mmoja aliyepoteza sauti alimalizia kwa kunong'ona, na watu walimpenda zaidi. Mama yangu alisema neno moja tu: "Wangemwacha yule mzee apige." Kisha akanyamaza njia nzima hadi Ahero. Kitenge alikikunja akakirudisha sandukuni.

Jumapili nilipiga ile namba iliyokuwa kwenye bango. Nilizungumza kwa adabu. Jibu nililopewa ni kwamba sanaa ni kiini macho, na kwamba "watu wa huko mlifurahia, tuliwaona mkipiga makofi". Nilipotaja kurudishiwa pesa, simu ikakatwa. Nimepiga mara nne tangu hapo, haishikwi.

Kwa hiyo naomba hivi. Mliolipa kwa M-Pesa, msifute ule ujumbe. Mlio na picha ya bango, itunzeni. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na fidia akipata hasara. Kuimba moja kwa moja ni habari waliyotupa wenyewe, kwa maandishi. Tukiwa kumi au ishirini tunaweza kuandika barua moja. Mimi nitakubali mojawapo: warudishe pesa, au warudi Kisumu waimbe kwa makoo yao, wamweke mzee wa nyatiti katikati ya jukwaa, na wampe msichana wa Lango wimbo wake. Hilo la pili ningelipenda zaidi. Ningemrudisha mama.

Watu wa Nakuru, kabla hujatoa pesa, piga ile namba uulize nani anaimba. Ukijibiwa "mtafurahia", weka simu chini.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mmoja wenu ameuliza hapo chini kuhusu yule mzee. Nilikutana naye Jumamosi usiku steji ya matatu, nyatiti ameifunga ndani ya gunia la sukari, pete bado iko kidoleni. Nilimpa mkono nikamshukuru. Aliniuliza kama najua ofisi za wale watu ziko wapi, kwa sababu waliahidi kumtumia pesa zake kwa simu kabla hajafika nyumbani. Tulibadilishana namba. Leo Jumanne jioni nimempigia. Bado hawajamtumia.