Tupeane uzoefu: Kufundisha tofauti za vyama kuhusu sera ya usafiri ya jimbo (Texas)

Chaki_na_Ubao: Wakuu, uzi huu ni wa wanaofundisha serikali ya jimbo la Texas. Mwanafunzi anapaswa kuonyesha Republican na Democratic wanavyotofautiana kuhusu barabara, reli na mabasi. Mwageni hatua, hesabu, na pale somo linapoharibika. Kampeni pelekeni kwingine.

Naanza. Kipindi kikifunguliwa kwa "hawa wanapenda magari, wale wanapenda treni", kimekufa. Darasa litagawanyika kwa vyama vya wazazi wao na hakuna atakayesoma chochote. Anzeni kwenye hela.

Kodi ya petroli ya jimbo ni senti 20 kwa galoni na haijaguswa tangu 1991. Ya serikali kuu ni senti 18.4, haijaguswa tangu 1993. Chukua gari linalokwenda maili 25 kwa galoni, likitembea maili 12,000 kwa mwaka. Hizo ni galoni 480, kwa hiyo jimbo linapata dola 96. Katiba ya Texas inapeleka robo ya kodi hiyo shuleni, kwa hiyo barabara zinabaki na kama dola 72. Hapo ndipo uulize swali: senti 20 za 1991 leo zinanunua chini ya nusu ya zilichonunua wakati ule, pengo lizibwe na nani? Apandishiwe kodi dereva? Barabara za kulipia? Mkopo? Hela ya mfuko mwingine? Tofauti nyingi za vyama zinaanzia kwenye jibu la swali hilo.

Kipimo_Sahihi: Nakazia, na hapo hapo ongeza gari la umeme. Sheria ya 2023 inalitoza dola 200 kwa mwaka wakati wa kulipia usajili, na dola 400 likiwa jipya. Wanafunzi watalinganisha 200 na 96 na kusema gari la umeme linaonewa. Mwingine atajumlisha kodi ya serikali kuu, dola 88.32, apate 184.32 na kusema mbona ziko karibu sawa. Wote wawili wamepiga hesabu sahihi, ila huyu wa pili amechanganya mifuko: zile 88.32 zinakwenda Washington, wakati ada ya 200 inabaki jimboni. Waache wabishane kwanza, kisha ndiyo uwaonyeshe.

Mdau_wa_Reli: Mkuu, hapo kwenye 400 pana mtego. Gari jipya Texas husajiliwa kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo bado ni 200 kwa mwaka. Usiposema, karatasi nzima ya majibu itakuwa na "adhabu ya kununua gari jipya", kitu ambacho hakipo.

Somo_la_Uraia: Kuhusu ilani. Vyama vyote viwili hufanya mkutano mkuu wa jimbo kila baada ya miaka miwili, mwaka unaogawanyika kwa mbili, na hapo ndipo ilani hupitishwa. Chukua ilani za mwaka mmoja kwa vyama vyote, na ziwe za chama cha jimbo. Kosa la kila siku ni mwanafunzi kuleta ilani ya kitaifa, akajikuta anajadili viwanja vya ndege na Amtrak (shirika la kitaifa la treni za abiria) wakati swali ni la Austin, makao makuu ya jimbo.

Kata sentensi nane, nne kila upande, futa majina ya vyama, na wazipange kwa makundi manne: nani analipa, nani anaamua, ardhi ni ya nani, chombo gani kinapewa kipaumbele. Usiweke kundi la tano la "mengineyo", maana kila sentensi ngumu itatupwa humo. Epuka pia sentensi zinazojitaja. Ikiwa na "mabadiliko ya tabianchi" au "haki ya mwenye ardhi", mtoto atakisia chama bila kusoma. Tafuta zile za fedha na za mamlaka ya miji, hizo ndizo zinamlazimisha afikiri.

Chaki_na_Ubao: Safi sana, mwalimu. Na ikitokea ilani inasema hivi na kiongozi wa chama hicho hicho anafanya vile?

Mdau_wa_Reli: Ndiyo somo lenyewe hilo, na Texas ina mfano usiochuja: Trans-Texas Corridor. Gavana Rick Perry, Republican, aliutangaza mwaka 2002. Ulikuwa mpango wa maili kama 4,000 za njia kuu zikiwa na barabara za kulipia, reli na mabomba, upana ukifika futi 1,200. Wenye mashamba waliwaka. Ilani ya 2006 ya chama chake mwenyewe ikataka sheria iliyouruhusu ifutwe. Mwaka 2011 Bunge likauondoa kabisa kwenye sheria. Wape darasa ukweli huo bila jina la gavana wala chama, waulize nani alibuni na nani alipinga. Wengi watakosea, na kukosea huko kunafundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Halafu weka mradi wa treni ya mwendo kasi ya Dallas hadi Houston. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba kampuni ya reli hiyo ina mamlaka ya kutwaa ardhi. Chora ramani: miji miwili mikubwa huku na huku, mashamba katikati. Mstari wa mji na shamba utaeleza mengi ambayo mstari wa chama hauelezi.

Kipimo_Sahihi: Kitu kingine kinachosahaulika ni sheria kumfunga kila mtu mikono. Kifungu cha 7-a cha Ibara ya 8 ya katiba ya jimbo kinaifungia kodi ya mafuta kwenye barabara za umma. Ndiyo maana mabasi na treni za miji hutegemea kodi ya mauzo ya mji: jimbo 6.25%, mamlaka za mitaa zote pamoja zisizidi 2%. Mji uliokwisha kula 2% yake kwingine hauwezi kujiunga na shirika la usafiri hata ukitaka. Mwanafunzi asipolijua hili ataandika "chama fulani kimekataa", kumbe ni katiba au sheria ya kodi.

Na msifiche wanapokubaliana. Kura za wananchi za kurekebisha katiba ya jimbo, Proposition 1 ya 2014 (fedha kutoka kodi ya uchimbaji wa mafuta na gesi) na Proposition 7 ya 2015 (sehemu ya kodi ya mauzo) zote zilipita kwa karibu watu wanne kati ya kila watano. Zote zinakataza hela hiyo kuingia kwenye barabara za kulipia.

Somo_la_Uraia: Hatua ya mwisho ni kura zenyewe. Bunge hukaa siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na kura za majina (zinazoonyesha kila mbunge alipiga vipi) zimo kwenye tovuti ya Bunge. Msichukue kura ya mwisho ya muswada, mara nyingi karibu wote wamesema ndiyo na tofauti imepotea. Chukueni kura za marekebisho, huko ndiko vyama vinaonekana. Kura tatu zinatosha kipindi cha dakika 50, zikifika tano hakuna atakayemaliza.

Angalizo: kifungu cha 28.0022 cha sheria ya elimu kinataka mada yenye mabishano ifundishwe bila upendeleo, na hakiruhusu alama kwa kumshawishi mbunge. Ile kazi ya "mwandikie mbunge wako barua" iondoeni kwenye alama.

Mdau_wa_Reli: Kwa mtihani, tumieni ukaguzi wa usalama wa magari. Ulifutwa kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia 1 Januari 2025, lakini ada ya dola 7.50 imebaki kwenye usajili, na kipimo cha moshi kinaendelea katika kaunti za miji mikubwa. Muulizeni mwanafunzi ada imebaki kwa nini ilhali huduma haipo. Atakayejibu kwa kutaja mifuko inayopokea hela hiyo ameelewa. Atakayejibu kwa jina la chama tu, mpeni nusu alama.