Naomba ushauri: mzee amekataa jina nililomchagulia mwanangu

Upanga Butu:
Wakuu, habari za usiku. Mke wangu ni mjamzito, uzao wa kwanza, na vipimo vinaonyesha ni wa kiume. Kwetu mjukuu wa kwanza hubeba jina la babu, kwa hiyo angetakiwa awe Seif. Mimi nimechagua Makoto. Ni jina la Kijapani, la heshima kabisa, kule wanaitwa wanaume na wanawake. Mzee amekuja juu, simu zangu hapokei tangu juzi. Mama naye analia tu. Naombeni ushauri, nimwingieje mzee tuelewane? Wa matusi apite kimyakimya.

Kobe wa Pangani:
Nyumbani Makoto, shuleni Makoti. Endelea.

Shangazi Mkali:
Mpe jina la babu yake yaishe. Darasani kwetu tulikuwa na akina Sadamu wawili, matunda ya vita vya Ghuba vya 1991, baba zao walikuwa wanakesha na redio. Mmoja alipoanza kuhangaikia viza ndipo akajua baba yake alimfanyia nini. Akaenda kuapa kwa mwanasheria, siku hizi ni Salum.

Fundi Saa:
Jina ni dua, ndugu yangu. Huyo Makoto unayemfuata alikuwa mtu wa namna gani?

Upanga Butu:
Ni jina tu, tusikuze mambo. Nimeomba ushauri wa kuzungumza na mzee.

Mama Wawili:
Mke anasemaje?

Upanga Butu:
Mke hana neno.

Nungunungu:
Mleta mada, picha yako ya wasifu ni mtu aliyezungushiwa bendeji kichwa kizima. Usiniambie ni huyo.

Upanga Butu:
Picha yangu inahusianaje na jina la mtoto?

Nungunungu:
Jibu swali.

Upanga Butu:
Haya, ni Shishio Makoto. Ila ukimsoma vizuri utaona ni mwanaume wa msimamo.

Mama Wawili:
Shishio ndiyo nani? Mcheza mpira?

Nungunungu:
Ingekuwa mpira ningenyamaza, dada. Kuna manga, yaani katuni za Kijapani za vitabu, ya Nobuhiro Watsuki, Rurouni Kenshin, ilitoka 1994 hadi 1999, vitabu 28. Mambo yanatokea Japani mwaka 1878, enzi ya samurai imekwisha, serikali ya Meiji imeshika nchi. Shishio alikuwa muuaji wa siri wa haohao walioshika nchi. Kenshin, shujaa wa kitabu, alipoiacha kazi hiyo, Shishio akairithi. Ushindi ulipokaribia wakaona anajua mengi mno, wakamvizia, wakammwagia mafuta, wakamtia moto. Hakufa. Lakini mwili ule hautoki jasho tena, joto lote linabaki ndani, akipigana zaidi ya dakika 15 anajiua mwenyewe. Upanga wake una meno kama ya msumeno, na kwenye meno yale yameganda mafuta ya watu aliowaua. Akiukwaruza, unawaka. Imani yake ni moja, mwenye nguvu aishi na mnyonge afe. Anataka kuichoma Kyoto na kuiangusha serikali. Huyo ndiye Mzee Seif anayeambiwa ampishe.

Shangazi Mkali:
Astaghfirullah. Mpe Seif leoleo!

Upanga Butu:
Mnahukumu bila kusoma. Kenshin na Shishio walifanya kazi ileile chafu. Mmoja anazurura na kusamehewa na kila mtu, anafuliwa anapikiwa, mwingine alichomwa akiwa hai. Na wala hakubeba kinyongo, alisema yale majeraha yamemfundisha: ukiamini watu unasalitiwa, ukilegea unauawa. Mimi kazini nimewafanyia wakubwa mambo yao ya gizani miaka na miaka. Ukaguzi ulipokuja, jina lililosomwa ni langu. Mwenye kuelewa ataelewa.

Kobe wa Pangani:
Kenshin hafuliwi, ndiye anayewafulia kina Kaoru, wenyeji wake. Na wewe si umesoma vizuri?

Fundi Saa:
Pole kwa ya kazini. Sasa mtoto ndiye azibebe?

Bint Mrima:
Mnaongelea panga tu, na Yumi je? Mwanamke anayempenda. Pambano la mwisho muda umepita, mwili unachemka, Yumi anajitupa mbele yake kumkinga. Shishio anafanya nini? Anamchoma upanga kwa nyuma, unapita tumboni mwake unamfikia Kenshin upande wa pili. Mume wangu nikiona ana bango la mtu huyo chumbani, nafungasha.

Upanga Butu:
Yumi alifurahi, alisema mwishowe amefaa kitu vitani. Hata kuzimu wako pamoja.

Bint Mrima:
Aliyeandika hayo ni mwanaume.

Msomi wa Kariakoo:
Tuwekane sawa. Shishio si mtu asiyeamini chochote. Asiyeamini chochote ni Udo Jin-e wa vitabu vya mwanzo, anaua kwa sababu kuua ni raha yake, na aliposhindwa akajimaliza mwenyewe. Shishio ana mpango, ana meli ya chuma, ana wapiganaji kumi wa kutisha. Tena Watsuki kamshonea kwenye historia yenyewe. Waziri Okubo Toshimichi aliuawa kweli, tarehe 14 Mei 1878, na samurai waliokuwa na hasira na serikali. Kwenye manga, Sojiro, kijana wa Shishio, anaingia ndani ya gari lake la farasi na kummaliza kabla wale hawajafika.

Nungunungu:
Asante kwa kumtaja Sojiro, maana mada ni mtoto. Shishio kalea mtoto mmoja tu. Alikuwa anateswa na ndugu waliomlea, Shishio akiwa mafichoni akampa upanga mfupi na ile kauli yake ya wenye nguvu. Ndugu walipomgeukia wamuue, mtoto aliwamaliza wote, akatoka akasimama kwenye mvua anatabasamu. Alitabasamu hivyohivyo mpaka ukubwani, anaua huku anatabasamu. Mleta mada, hapo napo kuna msimamo?

Upanga Butu:
Sojiro alikuwa na kipaji. Halafu tunabishana bure, kwenye tangazo la kizazi nimeshaandika Makoto.

Dereva wa Usiku:
Simama hapohapo. Huko juu mke ni mjamzito. Tangazo la kizazi unapewa mtoto akishazaliwa. Umeandika la nani? Wakuu, hii ni chai.

Kobe wa Pangani:
Tena ya maziwa. Mwenye mandazi asogee.

Msomi wa Kariakoo:
Na huyuhuyu si ndiye aliyekuwa anauliza bei za ukumbi wa harusi juzijuzi tu? Mimi nimeandika aya nzima ya historia, jamani.

Shangazi Mkali:
Presha yangu nani atanilipa?

Upanga Butu:
Acheni hizo. Mtoto kazaliwa jana alfajiri. Uzi niliuandika kabla, nikaubandika bila kurekebisha. Ukumbi ulikuwa wa mdogo wangu.

Dereva wa Usiku:
Wadogo zetu wana kazi humu.

Mama Wawili:
Chai au si chai, narudia swali langu. Mke anajua Makoto ni nani?

Upanga Butu:
Anajua ni jina la mhandisi wa Kijapani niliyefanya naye kazi.

Mama Wawili:
Yupo huyo mhandisi?

Upanga Butu:
Wajapani wengi wamepita pale kazini.

Bint Mrima:
Hahaha. Ametoka leba jana tu, na ameshapigwa changa la macho.

Mama Wawili:
Sasa nisikilize mdogo wangu, kama ni kweli. Tangazo si cheti. Rudi hospitali kabla hujaanza kufuatilia cheti, waulize namna ya kurekebisha. Halafu kaa na mkeo umwonyeshe hicho kitabu, na ukurasa wa huyo Yumi usiuruke. Akikubali baada ya hapo, nendeni kwa mzee wawili. Usiende kumwomba radhi peke yako kwa jina ambalo mwenzio halijui. Akika ni siku ya saba, muda unao.

Upanga Butu:
Nimekusoma dada. Na kama nikiandika yote mawili? Seif Makoto. Mzee anapata lake, na mimi nabaki na langu.

Fundi Saa:
Mkuu, kwetu jina la pili ni la baba. Ukiandika Seif Makoto, Makoto ni wewe.

Msomi wa Kariakoo:
Swali la nje ya mada. Mnakubali kwamba Kenshin alimshinda? Alipigwa akalala, Saito akaja, Sanosuke akaja, Aoshi akaja, wote wa upande wake, ndipo akaamka. Na mwisho Shishio aliungua mwenyewe, anacheka. Mimi naita sare.

Nungunungu:
Sare ya wapi, alishalambwa ile pigo ya mwisho kabla ya kuungua.

Kobe wa Pangani:
Hivyo vitabu nianzie cha ngapi? Nataka nifike haraka kwenye bendeji.

Nungunungu:
Saito anaingia kitabu cha 7. Anzia hapo.