Mke wangu huenda mtoto akatolewa damu tumboni. Ni salama?

Baba Zai, Kisauni
Asalaam aleikum. Mke wangu ana mimba ya wiki 26, damu yake O hasi, yangu B chanya. Wa kwanza alizaliwa nyumbani, sindano ya anti-D mama hakuchomwa. Sasa vipimo vimeonyesha kingamwili nyingi za kushambulia damu ya mtoto, na daktari asema huenda mtoto akatolewa damu ya kupima humo humo tumboni, kupitia kitovu kinachomuunga na mama, tena Nairobi. Mama mkwe amekataa katakata: "Hajazaliwa, mwataka kumdunga?" Nisaidieni.

Mwana Likoni
Kaka, si achomwe anti-D sasa hivi yaishe?

Mkunga wa Tudor
Likoni, hapana. Anti-D huzuia kingamwili zisiundwe, zikishakuwepo, haizifuti. Ilitakiwa ndani ya saa 72 baada ya uzazi ule. Limepita, tusimchoshe mama wa watu.

Baba Zai, mwambie mama mkwe kwamba kwa kawaida sindano hailengi mwili wa mtoto. Nimesimama kando ya kitanda kazi hii ikifanywa. Wakifuata picha ya skani, sindano ndefu nyembamba hupita tumbo la mama hadi kwenye vena ya kitovu, pale kinaposhikana na kondo la nyuma. Hapo kimetulia, katikati kinaelea, ukikifuata chakukimbia. Ateri hukwepwa, maana ikiguswa yaweza kujikaza na moyo wa mtoto ukapunguza kasi. Damu inayotolewa ni mililita chache. Sindano ikitoka, macho yote kwenye skrini: tundu huvuja damu kama uzi, halafu mara nyingi hujifunga lenyewe. Hapo hata daktari mwenye mdomo hunyamaza.

Hatari ipo, sikufichi. Kupoteza mimba hutajwa asilimia 1 hadi 2, na hupanda mtoto akiwa ameshajaa maji. Tena damu yake ikipenya kwa mama, kingamwili huzidi. Ndiyo maana siku hizi hawakimbilii sindano. Hupimwa kwanza Dopla, kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto. Ikizidi mara 1.5 ya kiwango cha kati cha umri ule wa mimba, ndipo. Je, amepimwa?

Na ulizia damu. O hasi iliyolinganishwa na ya mama iwe tayari kabla hajachomwa, ili akipatikana amepungukiwa aongezewe papo hapo, kwa sindano ile ile. Bila hiyo atachomwa mara mbili, na mimi singekubali. Chumba cha upasuaji nacho kiwe karibu. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walishamwongezea mtoto damu tumboni mwaka 2018, si mambo ya Ulaya tu.

Baba Zai, Kisauni
Shukran sana dada. Dopla hajapimwa. Mama mkwe nimemsomea yote, sasa asema atapanda treni nao.

Mkunga wa Tudor
Apande. Bebeni kadi ya kliniki na majibu yote ya kingamwili, hata ya zamani. Watataka kuona yanapanda kwa kasi gani. Na Dopla msingojee Nairobi, ulizieni hapa hapa wiki hii.