Mjadala: Njia moja ya kiti mwendo Arusha mjini, Mnara wa Saa hadi Mwenge. Meza za machinga zipishe au zibaki?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu hapa mjini. Mbugani siendi, mlima sipandi. Ruti yangu ni ileile: Mnara wa Saa, tunapanda Barabara ya Boma hadi ngome ya Wajerumani ambayo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, tunakamata Makongoro hadi Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tunamalizia Makumbusho ya Azimio la Arusha pale kwenye Mnara wa Mwenge. Kwa mtu wa miguu ni saa mbili, na soda humo humo.

Mwezi uliopita nikapewa mgeni mmoja, mama wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, anatumia kiti mwendo. Nikasema hakuna shida. Hiyo "hakuna shida" ndiyo imenileta hapa.

Hatukwenda mbali. Njia ya waenda kwa miguu ikakatika penye mtaro. Mfuniko wa zege haupo, pamewekwa ubao. Ubao unabeba mguu, haubebi magurudumu. Nikaita vijana wanne wa bodaboda. Wema mtupu: hakuna aliyeuliza bei, na hakuna aliyemuuliza yeye. Mmoja akashika sehemu ya kuegemezea mkono, ile inayochomolewa, ikachomoka. Kiti kikalala upande, pochi ikaingia mtaroni, sketi ikapanda, mama wa watu anaivuta kwa mkono mmoja na mwingine umeng'ang'ania shati la kijana. Tulipomtua ng'ambo vijana wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

Wakati wa kurudi tukakutana na mtaro uleule. Safari hii alielekeza mwenyewe: wawili mbele, wawili nyuma, shikeni fremu hapa na hapa, hesabuni ndipo muinue. Tukamaliza kabla sijajua tumeanza. Nikaona aibu, maana mwaka wa saba huu najiita mwongoza watalii.

Sasa hoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao tuliuridhia 2009. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. AFCON ya 2027 hiyo inakuja, na mashabiki wa viti mwendo nao ni mashabiki. Tukisubiri mji mzima urekebishwe tutazeeka. Nasema tuchague njia hiyo moja: mitaro ifunikwe, kingo zikatwe miteremko, na kila kilichoziba kiondoke, pamoja na meza na maturubai ya biashara. Ndiyo, najua nimesema nini. Karibuni.

Chalii wa Kijenge

Mkuu, wageni wa viti mwendo unapata wangapi kwa mwaka? Watatu? Wanne? Kuna mitaa masika yakija watu wanatoa maji ndani kwa ndoo kwa sababu mtaro wenyewe haujachimbwa. Nyie mnadai mfuniko, sisi tunadai mtaro. Tupange foleni basi.

Mama Batiki

Mleta mada, siku hiyo nilikuwepo. Pochi ya mgeni wako niliitoa mimi, kwa mti wa mwavuli wangu, nikaifuta kwa kanga yangu. Leo meza yangu ndiyo kizuizi?

Mwaka 2021 wamachinga tuliondolewa pembeni mwa barabara nchi nzima. Nikaenda nilikopelekwa, nikakaa. Mteja wa batiki hakuja kule, kwa sababu anapita hapa akitoka Mnara wa Saa. Nikarudi. Sijivunii, nasema ilivyo. Sasa tunaondolewa tena, safari hii kwa jina la mlemavu, ili nikibisha nionekane sina utu.

Wa Majengo, Moshi

Hamieni Moshi jamani, mji msafi, mnara wa saa tunao na nyuma yake kuna mlima. Halafu msidekeze watu. Mwaka 2012 Mmarekani Spencer West, hana miguu yote miwili, alifika kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, sehemu kubwa akitembelea mikono. Penye nia hakuna mtaro.

Fundi Zege

Maneno mengi, hesabu hakuna. Ngoja niwape kidogo.

Kipimo kinachotumika sana cha rampu, yaani mteremko badala ya ngazi, ni moja kwa kumi na mbili. Ukipanda sentimita moja, unahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi moja ya kawaida ni kama sentimita 15, kwa hiyo rampu yake ni mita 1.8. Mlango wenye ngazi tatu unataka mita 5.4. Njia ya waenda kwa miguu yenyewe upana wake mita mbili, hiyo rampu utailaza wapi? Inabidi ifuate ukuta wa jengo, iwe na sehemu tambarare mbele ya mlango, na mwenye jengo akubali. Ndiyo maana unaziona zile rampu za picha tu, fupi na wima kama paa. Kiti kikishuka pale bila mtu wa kukishika nyuma, anayekikalia anatangulia na uso.

Kufunika mtaro ni kazi ndogo zaidi, ila si kila mfuniko. Ukiweka nondo zenye nafasi kubwa, vigurudumu vya mbele vinazama. Ukiziba kabisa, maji ya mvua hayaingii mtaroni, yanapita juu ya lami hadi kwa huyo chalii wa Kijenge. Matundu membamba, yakingame kukata njia, na mifuniko ya kuinuliwa ili mtaro usafishwe. Hapo kwenye kusafisha ndipo inapopotelea: inainuliwa, hairudishwi.

Baiskeli Tatu

Mimi nilipata polio nikiwa mdogo. Natumia baiskeli ya miguu mitatu, nakanyagia mikono. Nina duka la kuchajia simu na vocha. Njia hiyo mnayobishania naipita miaka kumi na moja.

Wa Majengo, nakupongeza kwa Spencer West. Yeye alikuwa anaenda kileleni, alijiandaa, na alipofika akapigwa picha. Mimi naenda benki.

Mleta mada, nakushukuru, lakini nakuuliza bila ugomvi: kabla ya huyo mama ulinipita mara ngapi? Unanijua. Huwa unanisalimia.

Sasa lililo muhimu. Mimi njia ya waenda kwa miguu siitumii hata ikiwa nzima. Natembea barabarani na magari, pembeni kushoto, daladala ikinipigia honi nasogea mchangani. Sababu si mitaro peke yake, ni upana. Kiti cha mgeni wako kina kama sentimita 65. Baiskeli yangu nimeipima saa hizi: 86 kwenye magurudumu ya nyuma. Na haigeuki papo hapo, inataka kona kubwa. Mkijenga kwa kipimo cha kiti cha mgeni, akija atapita, mimi nitaendelea kupigiwa honi nikimwangalia.

Halafu kuna nguzo. Mkishasawazisha njia, siku ya pili bodaboda wamehamia humo, mnajua hivyo. Mtapiga nguzo za chuma kuwazuia. Usukani wa pikipiki na baiskeli yangu upana wake karibu sawa. Nguzo itakayomzuia boda inanizuia na mimi.

Chalii wa Kijenge

Duh. Hilo la nguzo sikuwahi kulifikiria.

Mleta mada

Kaka Baiskeli Tatu, jibu la swali lako ni mara nyingi sana. Sina utetezi.

Kuhusu upana umenikamata. Ruti nzima nilikuwa naiona kwa jicho la yule mama. Basi kipimo kiwe 86 na ziada ya kugeukia, atakayepita na 65 atapita tu. Lakini hapo Mama Batiki ndiyo tunazidi kumbana, kwa sababu mita moja na nusu iliyo wazi haipatikani meza zikiwa pande zote mbili. Bado nasema zipishe. Labda upande mmoja tu, zisogee ukutani, na sehemu zao zichorwe chini kwa rangi ili kesho asije mgambo na maneno mengine. La nguzo sina jibu.

Fundi Zege

Nguzo haina ufumbuzi wa chuma. Geti la kuzunguka linamkwamisha mwenye kiti, mnyororo unamkwamisha asiyeona. Pale mtu huwa anawekwa mlinzi, na mlinzi analipwa.

Mama Batiki

Mlinzi wa nini? Mimi nafika pale saa moja asubuhi, naondoka magharibi. Boda akijaribu kupita nyuma ya meza yangu ananijua. Niwekeni mwanzoni mwa njia, pale mnapotaka kupiga nguzo. Huyo kaka wa baiskeli akija navuta meza, akipita nairudisha. Mnalipa nini? Msinihamishe, hayo ndiyo malipo.

Baiskeli Tatu

Na siku usipokuja?

Mama Batiki

Siku nisipokuja sijauza, mwanangu. Nimekosa siku mbili mwaka huu, moja nilikuwa msibani.

Chalii wa Kijenge

Mama, na wale wa upande wa pili wa barabara? Wote watataka kuwa nguzo.

Fundi Zege

Hilo baadaye. Mama, meza yako ina upana gani, na ina magurudumu au unaibeba?