Pweza wangu hali, na Jumamosi mwamba unafunguliwa

Kijana_wa_Kusini: Wakuu shikamooni. Nina miaka 16, niko Kilwa. Nimemficha pweza mkubwa kwenye pipa la lita 200 nyuma ya jiko. Kijiji kilifunga mwamba miezi mitatu pweza wasivuliwe, Jumamosi mikuki inaingia. Huyu ana akili, sitaki auawe. Ila hali. Nimempa dagaa, minofu ya changu, hata kamba. Nimpe nini?

Mzee_Kipwa: Kaa wadogo, wakiwa hai. Mmoja au wawili, magamba uyatoe asubuhi. Maji unabadilisha?

Kijana_wa_Kusini: Nusu pipa kila siku, ndoo tano.

Fundi_Matangi: Hayatoshi. Pipa halina mwendo wa maji, pweza anamaliza oksijeni haraka na uchafu wake ni amonia tupu. Ukiona povu, maji yameshachafuka. Tia pampu ya hewa ya betri, pipa likae kivulini. Akitoa wino, mwaga maji yote. Vyombo vya shaba marufuku: damu yake ina shaba, lakini ile inayoyeyuka majini inamuua. Mfuniko ufunge kwa kamba. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, ukipita huo na yeye kapita.

Supu_Bila_Ndimu: Ndimu, pilipili, kikombe kimoja. Shida zote kwisha.

Ustadhi_Mwambao: Dogo, mwamba uliofungwa ni amana ya watu wote. Kule Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga 2004. Pweza hukua upesi, miezi michache tu kilo zinaongezeka. Kila mmoja akijichukulia wake kwa huruma...

Mzee_Kipwa: Ustadhi, hotuba baadaye. Dogo, mlango wa shimo ulikuwa umezibwa kwa mawe?

Kijana_wa_Kusini: Ndiyo. Niliyaondoa.

Mzee_Kipwa: Na darini mwa shimo?

Kijana_wa_Kusini: Vitu vyeupe vinaning'inia, kama vishada vya mchele. Sikuvigusa.

Mzee_Kipwa: Mayai hayo, maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana hali. Jike akishataga haendi tena kuwinda, anakaa kuyapulizia maji na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Asipokuwepo yanashika uchafu, na samaki wanayala.

Kijana_wa_Kusini: Nikimrudisha watamchoma! Na ananijua. Nikija mimi anasogea, akija kaka anamrushia maji. Kama kufa, bora afie kwangu.

Bamvua_Kubwa: Ngojeni. Ulimtoa lini?

Kijana_wa_Kusini: Jumanne ya bamvua, saa kumi jioni, maji yamepwa kabisa.

Bamvua_Kubwa: Uongo huo. Pwani yetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, saa kumi jioni yamejaa. Kupwa ni saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Stori ya kutunga hii. Wasimamizi, fungeni uzi.

Supu_Bila_Ndimu: Nilijua tu. Pweza wa mtandaoni hapikiki.

Fundi_Matangi: Mtunzi angeanza na mayai. Huyu mpaka kaulizwa.

Kijana_wa_Kusini: Ilikuwa saa tano usiku. Mlitaka niandike hapa kwamba niliingia na tochi kwenye mwamba uliofungwa?

Mzee_Kipwa: Haya, sasa hesabu zinakubali. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kesho Ijumaa yatapwa kwenye saa saba mchana. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, nusu maji ya pipa. Ongeza maji ya bahari kidogo kidogo kwa nusu saa. Ukifika shimo lile lile, laza ndoo chini ya maji, mdomo uelekee shimoni, atoke mwenyewe. Usimvute, vinyonyaji vitachanika. Mawe yaache karibu, atayapanga. Kisha waambie BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, kwamba shimo hilo lina jike anayelea mayai, wavuvi waliruke Jumamosi.

Kijana_wa_Kusini: Mchana si wataniona?

Mzee_Kipwa: Ndiyo nataka wakuone. Mwenyekiti wa BMU unamfahamu?

Kijana_wa_Kusini: Ni baba yangu.

Bamvua_Kubwa: Wasimamizi, uzi usifungwe.